Pale Nyakati Mbili Zinapogusana: Nadharia za Watazamaji wa Tenet

Mwaka 1948, katika kitabu chake Cybernetics, mwanahisabati wa Marekani Norbert Wiener aliuliza swali la ajabu: ingekuwaje tukikutana na kiumbe mwenye akili ambaye wakati wake unakwenda kinyume na wetu? Jibu lake lilikatisha tamaa. Tusingeweza kuwasiliana naye. Ishara yoyote ambayo angetutumia ingetufikia kinyumenyume, matokeo yakitangulia na chanzo kikifuata. Kwa kuwa matokeo hayo tungekuwa tumeshayaona, tungekuwa pia tumeshayapatia maelezo ya kawaida. Kama angetuchorea mraba, sisi tungeona kwanza mabaki yake, mikwaruzo isiyo na mpangilio ambayo baadaye inajikusanya ikawa mraba. Tungesema ni sadfa, tukaendelea na shughuli zetu.

Miaka 72 baadaye, Christopher Nolan alitoa filamu ambamo watu wa nyakati hizo mbili hawaishii kutumiana ishara. Wanapigana ngumi, wanafukuzana kwa magari kwenye barabara kuu, wanapigana vita vizima na majengo yakiporomoka na kusimama tena. Mmoja anamhoji mwenzake kupitia kioo huku maneno yake yakitoka nyuma mbele. Filamu hiyo ni Tenet. Uingereza na nchi nyingine kadhaa ziliipata tarehe 26 Agosti 2020, Marekani tarehe 3 Septemba, wakati Uviko-19 ilikuwa imefunga kumbi nyingi za sinema. Wengi walioiona ukumbini walilalamika kwamba muziki wa Ludwig Göransson na milio ya silaha ilimeza mazungumzo. Basi wakaitazama upya nyumbani, maandishi yakipita chini ya picha na kidole kikiwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Filamu inayotazamwa hivyo haikosi kuzaa nadharia, nazo zimezaana mpaka leo. (Asiyeiona bado na aishie hapa, maana nitaimwaga yote.)

Katika nadharia hizo kuna za watu wanaokagua fizikia, kuna za wanaochora ratiba ya kila mhusika, na kuna za wanaotafuta undugu uliofichwa. Mara nyingi makundi haya hayasikilizani, na ndiyo maana mjadala unazunguka palepale. Mimi naona swali moja linayapima yote. Katika Tenet, kugeuza wakati wa kitu si tatizo kubwa. Tatizo lipo kwenye mpaka, pale kitu kilichogeuzwa kinapogusana na dunia ambayo haikugeuzwa: ngozi na moto, pafu na hewa, risasi na ukuta. Nadharia inayouangalia mpaka huo hutufundisha kitu, na inayouruka huishia kuwa mchezo wa kubahatisha.

Tuanze na filamu yenyewe inavyosema. Watu wa vizazi vijavyo wamegundua namna ya kugeuza entropia ya kitu. Entropia ni kipimo cha mtawanyiko, na kanuni ya pili ya thamodinamiki inasema kwamba katika mfumo uliojitenga kipimo hicho hakipungui. Wahenga walilifikisha jambo hilo kwa maneno machache zaidi: maji yakimwagika hayazoleki. Ukikigeuza kitu, kwake maji yanazoleka. Risasi iliyogeuzwa inatoka ukutani na kurudi kwenye bunduki. Mtu naye anaweza kugeuzwa kwa kupita katika mashine yenye pande mbili zilizotenganishwa na kioo, upande mwekundu wa wakati wetu na upande wa bluu wa wakati wa kinyume. Akishageuzwa, anauona ulimwengu wote ukienda kinyumenyume. Anahitaji hewa iliyogeuzwa pia, kwa sababu mapafu yake hayawezi kuitumia hewa ya kawaida, na haruhusiwi kugusana na nafsi yake ya wakati mwingine bila vazi la kumkinga.

Jambo muhimu kuliko yote ni kwamba hakuna kuruka. Katika filamu nyingi za kusafiri wakati, msafiri hubonyeza kitufe akatokea mwaka mwingine. Hapa, ukitaka kurudi wiki moja, utaiishi wiki nzima ukiwa umegeuzwa, umejifungia ndani ya kontena, ukihesabu siku kwa nyuma. Mtangulizi wa karibu wa Tenet ni Primer ya Shane Carruth, filamu iliyotengenezwa kwa takriban dola 7,000 na kushinda tuzo kuu ya majaji ya tamasha la Sundance mwaka 2004. Nayo ilimlazimisha msafiri akae ndani ya sanduku kwa saa zilezile anazotaka kuzirudia, na mashabiki wake walikuwa wakichora michoro ya mistari miaka mingi kabla wa Tenet hawajashika penseli.

Michoro hiyo ndiyo kazi bora ya watazamaji, na ndipo filamu inapoonyesha nguvu zake. Chukua tukio la Oslo. Ndani ya bohari ya bandari huru ya uwanja wa ndege, Mhusika Mkuu (shujaa anayeigizwa na John David Washington hana jina jingine) na mwenzake Neil, anayeigizwa na Robert Pattinson, wanaona watu wawili waliofunika nyuso wakichomoka kwenye mashine, kila mmoja upande wake. Mmoja anapigana na Mhusika Mkuu kwa mwendo usioeleweka. Wa pili anakimbia. Neil anamkamata, anamfunua uso, anamtazama, kisha anamwachia. Baadaye sana tunajua kwamba wote wawili ni Mhusika Mkuu mwenyewe. Alirudi akiwa amegeuzwa, akapigana na nafsi yake ya siku zilizopita, akaingia kwenye mashine, akatokea upande wa pili akiwa wa kawaida, akakimbia. Ni mtu mmoja na njia moja, ila njia imekunjwa.

Ukiichora njia hiyo, unaona kwa nini sheria moja ya filamu, ambayo watazamaji wengi huichukulia kama pambo, ni ya lazima. Kabla hujaingia kwenye mashine, unaambiwa uangalie kupitia kioo. Usipojiona upande wa pili, usiingie. Kwa mtazamaji wa wakati wa kawaida, mtu anayejigeuza haonekani akiingia upande mmoja na kutoka wa pili. Anachoona ni watu wawili, wa kawaida na wa kinyume, wakiingia kwa wakati mmoja na wote wawili kutoweka. Vivyo hivyo, anayerudi kwenye wakati wa kawaida huonekana kama watu wawili wanaozuka ghafla, kama pale Oslo. Ikiwa nafsi yako ya kinyume haionekani ikija kuingia, basi hakuna wewe unayetoka, na haidhuru ni kwa sababu gani.

Hapo filamu inacheza na fizikia halisi, na inakiri hivyo kwa majina. Neil anawataja Richard Feynman na John Wheeler, na ofisa mmoja wa jeshi amepewa jina la Wheeler. Mwaka 1940 Wheeler alimpigia simu Feynman, aliyekuwa mwanafunzi wake, akamwambia amejua kwa nini elektroni zote zina chaji ileile: zote ni elektroni moja, inayokwenda mbele na kurudi nyuma katika wakati, na inaporudi tunaiita positroni. Wazo la elektroni moja halikudumu. Lakini wazo la positroni kama elektroni inayorudi nyuma, ambalo Ernst Stueckelberg pia alilifikia mwaka 1941, Feynman alilitumia katika kazi yake ya mwaka 1949, na wanafunzi wa fizikia huchora mishale hiyo hadi leo. Elektroni na positroni zinapozuka pamoja, mchoro huo unasema ni chembe moja iliyogeuka. Mashine ya Tenet ni mchoro wa Feynman uliojengewa ukumbi na kuwekewa walinzi.

Kutoka hapo, baadhi ya watazamaji wamekwenda mbele zaidi: mtu aliyegeuzwa amekuwa maada kinzani, na ndiyo maana akigusana na nafsi yake wanaangamizana. Nadharia hii inavutia, ila inaanguka mara tu unapoupima mpaka. Gramu moja ya maada kinzani ikikutana na gramu moja ya maada ya kawaida hutoa nguvu ya karibu kilotani 43 za baruti ya TNT, kama mara tatu ya bomu la Hiroshima. Mtu mzima wa maada kinzani asingengoja kukutana na nafsi yake. Hewa na sakafu vingemmaliza, na Oslo pamoja naye. Watetezi wamejaribu kuziba tundu hilo kwa kusema kwamba ni chembe zako mwenyewe tu zinazoangamizana. Lakini simu ya Wheeler ilitoka kwenye ukweli kwamba elektroni hazina utambulisho. Hakuna elektroni yako wala yangu, na maumbile hayana daftari la kumjua mwenye mali. Hii ni sheria ya hadithi, nzuri kwa kuwaweka wahusika mbali na nafsi zao, na tuiache kama ilivyo.

Mpaka wa joto ndio uliopigiwa kelele zaidi. Huko Tallinn, Mhusika Mkuu akiwa amegeuzwa anapinduka na gari. Adui yake Andrei Sator, anayeigizwa na Kenneth Branagh, anadondosha moto juu ya petroli iliyomwagika. Gari linalipuka, na aliyemo anaamka akiwa ameganda kwa baridi, kwa kuwa, tunaelezwa, kwake joto husafiri kinyume. Wazo limepangwa vizuri, mpaka uulize moto ni wa nani. Sator naye wakati huo amegeuzwa. Ikiwa aliyewasha, kilichowashwa na aliyeungua wote wanaishi wakati mmoja, hakuna sababu ya moto usiunguze kama kawaida. Njia ya kuiokoa filamu ni kusema kwamba moto ule ulikula oksijeni ya dunia ya kawaida, kwa hiyo ni moto wa kawaida. Sawa, lakini ukishakubali hivyo, mtu aliyegeuzwa anapaswa kuganda kila anaposimama juani au kushika kikombe cha chai. Filamu inaitumia sheria ya joto mara moja, inapoihitaji, kisha inaiweka kabatini.

Macho ni shida kubwa kuliko moto, ingawa hayana mlipuko wa kuyatangaza. Tunaona kwa sababu mwanga huingia machoni. Kwa jicho lililogeuzwa, likitazamwa kutoka kwetu, mwanga ungepaswa kutoka kwenye jicho na kwenda kukipiga kitu, tena kwa mpangilio kamili kana kwamba kitu hicho kilikuwa kikiungoja. Mtu aliyegeuzwa asipokuwa kipofu basi anatembea na taa mbili usoni. Nolan analiruka hili kimyakimya, na sidhani alikuwa na chaguo. Filamu ya giza totoro isingemfikisha mbali.

Kwa upande mwingine, kuna jambo ambalo wakosoaji wengi hulishambulia bure. Wanauliza: kama wakati umegeuka, kwa nini mtu aliyegeuzwa haelei juu? Kwa nini mvuto wa dunia kwake ni uleule? Kwa sababu mvuto haubagui. Piga picha ya video ya jiwe lililorushwa hewani, uicheze kinyumenyume: jiwe linapanda, linapunguza mwendo, linashuka, vilevile. Kinachobadilika ni msuguano na upepo, na hayo filamu inayataja wazi. Kip Thorne, mmoja wa washindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 2017 na mshauri wa Nolan katika Interstellar, aliusoma mswada wa Tenet. Nolan mwenyewe hakudai kwamba filamu hii ni sahihi kisayansi, lakini katika hili yuko sahihi kuliko wanaomsahihisha.

Kwa nini basi mpaka unasumbua hivyo? Jibu lipo katika mabishano ya karne ya 19. Ludwig Boltzmann alipotaka kuonyesha kwamba entropia huongezeka kwa sababu ya mwendo wa molekuli, mwenzake Josef Loschmidt alimpinga mwaka 1876: kanuni za mwendo hazina mbele wala nyuma, kwa hiyo ukigeuza kasi ya kila molekuli, gesi lazima irudi ilikotoka. Loschmidt alikuwa na haki, na tangu hapo maabara zimemtii katika mambo madogo. Mwaka 1950 Erwin Hahn aligundua mwangwi wa spini: viini vya atomi vinavyopoteza mpangilio wao katika uga wa sumaku vinapigwa kwa mawimbi ya redio, navyo vinajipanga upya kana kwamba vimekumbuka. Huko Paris, Mathias Fink alitengeneza vioo vya sauti vinavyorekodi mawimbi yaliyotawanyika, kuyarusha kinyumenyume na kuyafanya yakutane tena pale yalipoanzia. Kote huko sharti ni moja, kwamba unageuza kila kinachohusika. Ukiacha sehemu nje, hiyo iliyoachwa huanza mara moja kuuharibu mpangilio wa iliyogeuzwa. Tenet inafanya kinyume cha sharti hilo. Inamgeuza mtu mmoja na kumtupa katikati ya dunia isiyomtambua.

Je, haiwezekani kabisa? Mwanafizikia Lawrence Schulman alichapisha makala mwaka 1999 akionyesha kwa mifano ya hesabu kwamba sehemu mbili zenye mishale ya wakati inayopingana zinaweza kuwapo pamoja na hata kuathiriana, mradi mwingiliano uwe hafifu. Hafifu maana yake si ngumi ya kidevu, wala si tairi kwenye lami. Hata hivyo, makala hiyo inawapa mashabiki ardhi imara zaidi ya kusimamia kuliko hotuba zote za elektroni na positroni, na sijui kwa nini hawaitaji zaidi.

Sasa tuje kwenye nadharia ninayoiheshimu kuliko zote. Ndani ya bohari ya Oslo kuna matundu ya risasi kwenye kioo kabla ya yeyote kupiga risasi. Mapigano yanapokwisha matundu yamekwisha pia, kwa kuwa risasi zimetoka kwenye kioo na kurudi ndani ya bunduki. Swali la papo hapo: matundu hayo yalianza lini? Kioo kilitoka kiwandani kikiwa na matundu? Fundi alikipachika akiona kimevunjika? Watazamaji makini walijibu kwamba mazingira hushinda. Dunia nzima inakwenda upande mmoja na alama iliyogeuzwa ni ndogo, kwa hiyo haiwezi kusafiri mbali kuelekea jana. Kadiri unavyorudi nyuma, inafifia. Kwa anayeishi wakati wa kawaida, tundu linaanza kama ufa usioonekana, linakua siku au saa chache kabla ya tukio, kisha risasi inachomoka na kioo kinakuwa kizima.

Uzuri wa nadharia hii ni kwamba filamu inaithibitisha kwa mwili wa shujaa. Akiwa ndani ya kontena, amegeuzwa, njiani kurudi Oslo, Mhusika Mkuu anaanza kusikia maumivu mkononi. Jeraha linajitokeza lenyewe, polepole, bila aliyemchoma. Wanapofika, anapigana na nafsi yake ya zamani, na nafsi hiyo inamchoma palepale. Jeraha lilimtangulia mchomaji. Huu ndio mraba wa Wiener, umechorwa kwenye nyama.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Ufa kwenye kioo unaweza kujitokeza kwa sadfa. Vioo hupasuka vyenyewe. Vipi kuhusu maiti? Mwishoni mwa filamu, chini ya mji uliofungwa wa Stalsk-12, Mhusika Mkuu na kamanda Ives wanafika kwenye geti la chuma lililofungwa. Ng'ambo ya geti kuna mwili umelala, na kwenye begi lake unaning'inia uzi mwekundu. Mtu wa Sator, Volkov, anafyatua risasi. Mwili unanyanyuka, risasi inamfufua, geti linafunguka, na mtu huyo anarudi kinyumenyume gizani. Ni Neil aliyegeuzwa. Kwake mambo yalikuwa hivi: alikuja mbio, akasimama mbele ya risasi, akafa. Na kwa kuwa alikufa akiwa amegeuzwa, maiti yake haiendi kesho pamoja nasi, inakwenda jana. Volkov na wenzake lazima waliikuta pale walipoingia. Siku moja kabla ilikuwepo. Wiki moja kabla ilikuwa imeanza kuoza, kwa hesabu yake. Ukirudi zaidi kuna mifupa, kisha vumbi. Ukiisimulia kwa wakati wetu, vumbi la handaki lilijikusanya likawa mifupa, mifupa ikavaa nyama, nyama ikavaa sare na begi lenye uzi mwekundu. Hakuna sadfa inayoweza kubeba mzigo huo. Wiener aliweza kusema kwamba mabaki ya mraba yatakuwa na maelezo ya kawaida kwa sababu mraba ni mistari minne. Mtu mzima mwenye begi ni deni ambalo nadharia ya kufifia hailipi, na filamu haijaribu.

Geti hilohilo limezaa fumbo jingine. Sisi tunaona Neil akilifungua. Lakini ukifuata wakati wake yeye, alilikuta wazi na akaliacha limefungwa. Kitendo kinachowaokoa wenzake ni, mikononi mwake, kitendo cha kufunga. Baadhi ya watazamaji wanaona hapa kosa la mwandishi. Mimi naona ni mahali ambapo ratiba ya filamu imekazwa sana, mpaka nia ya mtu inasomeka kinyume na mwendo wa mkono wake. Na hesabu ya ratiba hiyo inakubali. Neil wako watatu katika vita vya Stalsk-12: mmoja aliyegeuzwa akiwa na kikosi cha bluu, mmoja wa kawaida anayeendesha gari na kuwavuta wenzake kwa kamba, na yule wa tatu aliyegeuzwa tena ili aende akafe. Nimejaribu kuivunja mistari yake mitatu na haivunjiki.

Anajua anakokwenda? Anakisia, angalau. Hapo wanaingia wanaoamini ulimwengu sambamba. Wanasema Neil angeweza kukataa, na kukataa kwake kungezaa historia nyingine. Filamu inawapa chambo kidogo, maana Neil mwenyewe anaigusia nadharia hiyo anapoulizwa, kisha anaiacha bila jibu. Lakini kila tukio tunaloonyeshwa mara mbili linatokea vilevile mara zote mbili. Kat, mke wa Sator, anakumbuka siku alipomwona mwanamke akijirusha kutoka kwenye mashua ya mumewe, akamwonea wivu kwa uhuru wake. Mwisho tunajua mwanamke huyo alikuwa yeye. Hakuna toleo ambamo Kat hakujirusha. Wanaoamini kwamba yaliyopita yanabadilika ndani ya filamu ni maadui tu, watu wa siku zijazo waliokaukiwa na mito na kufurikiwa na bahari, wanaotaka kuigeuza dunia nzima kwa chombo chenye vipande tisa ili waikimbie dunia yao kwa kurudi kwetu. Sisi tumefundishwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hao wameamua yajayo hayagangiki, na wanaitafuta tiba jana. Ajabu ni kwamba mpango wao ndio pekee unaotimiza sharti la Loschmidt, kwani kugeuza kila kitu kwa pamoja kungeufuta mpaka. Kama fizikia, ndio wenye hoja safi kuliko wote.

Nadharia ya umbo nitaipita haraka. Jina Tenet linasomeka vilevile kutoka pande zote, na limetoka kwenye mraba wa kale wa maneno ya Kilatini uliokutwa pia Pompeii, mji uliofukiwa na volkeno mwaka 79. Maneno yake matano yote yamo kwenye filamu: Sator adui, Arepo mghushi wa michoro, Opera ya tukio la kwanza, Rotas kampuni ya ulinzi wa bohari. Wengine wanasema filamu nzima inakunjwa katikati kama neno hilo, Tallinn ikiwa mkunjo, Oslo kwa Oslo, siku ya opera kwa siku ya Stalsk-12, ambazo ni siku moja. Nusu ya hayo ni kweli. Mumbai na pwani ya Amalfi hazina pacha wa wazi upande wa pili, na anayezilazimisha anajichosha.

Inabaki nadharia maarufu kuliko zote, ile inayosema Neil ni Max, mtoto wa Kat na Sator, aliyekua na kurudishwa. Ushahidi wa jina ni kwamba jina kamili la Max likiandikwa Maximilien, herufi nne za mwisho zikisomwa kinyume ni Neil. Ushahidi wa mazingira ni kwamba Neil anasema Mhusika Mkuu ndiye aliyemwajiri, miaka mingi iliyopita kwake, miaka mingi ijayo kwa mwajiri. Na maana yake inauma. Siku ambayo Kat anamuua mumewe Vietnam ili amkomboe mwanawe, mwana huyohuyo, mtu mzima, anakufa ndani ya handaki.

Hesabu ya umri inakubali. Kama Max ana miaka kumi na Neil thelathini na minne, tofauti ni miaka ishirini na minne. Akikua miaka kumi na miwili kwenda mbele na kurudi miaka kumi na miwili akiwa amegeuzwa, anafika kwa wakati, akiwa hata na muda wa kusomea ile shahada ya fizikia anayoitaja. Kinachokosekana ni haja. Hakuna tukio lolote katika filamu ambalo halielezeki bila undugu huo, wala hakuna fundo linalofunguka kwa kuuongeza. Na mpaka unadai chake, safari hii kwenye mapafu. Mtu mzima hupitisha kifuani takriban lita 11,000 za hewa kwa siku. Kwa miaka kumi na miwili ni lita milioni 48, na mtungi wa kawaida wa mpiga mbizi, wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la angahewa 200, unabeba lita 2,400. Max angehitaji mitungi kama 20,000 iliyogeuzwa, au mtambo wa kusafisha hewa kama wa nyambizi ufanye kazi miaka yote hiyo bila kuharibika, uhudumiwe na watu waliogeuzwa nao pia, ambao wangehitaji kuvuta hewa yao. Anayeitetea nadharia ya Max na atuonyeshe kwanza mtambo huo umewekwa wapi, na zamu zake zinashikwa na nani.